Boga la Kopo Nilipoacha Kulitia Sukari

Mama alitoka kliniki na karatasi ya majibu mkononi, na hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Akaiweka mezani, akaigeuza upande wangu niisome, akaenda kuchemsha maji. Sukari yake ilikuwa imepanda. Haikuwa imefika kiwango cha kuitwa kisukari, ila ilikuwa imekaribia. Mtaalamu wa lishe alimwambia mambo matatu: apunguze sukari na vyakula vya unga uliokobolewa, aongeze vyakula vyenye nyuzinyuzi, na atembee kila siku. Kutembea alikubali palepale. Hayo mawili mengine yaliniangukia mimi, maana anayepika nyumbani ni mimi.

Kikwazo kilikuwa meno. Alikuwa na meno ya bandia ya miezi michache tu, na fizi bado zilimuuma. Karoti mbichi, kabichi, mboga za majani zenye vikonyo vigumu, vyote alikuwa akivisogeza pembeni ya sahani taratibu ili nisione. Nilikuwa naona. Nikawa natafuta mboga laini yenye nyuzinyuzi, isiyohitaji kutafunwa sana, na ninayoweza kuipika hata siku nikirudi kazini miguu inauma. Ndipo nikalikumbuka boga la kopo, lile lililopikwa na kupondwa likawa rojo.

Kopo la kwanza nililonunua halikuwa lenyewe. Rafuni kulikuwa na makopo mawili yaliyokaa bega kwa bega, yote na picha ya boga la rangi ya machungwa, nami nikachukua la karibu. Nyumbani nilipolionja kwa ncha ya kijiko, utamu ulinijaa mdomoni kabla ya ladha ya boga yenyewe. Nikageuza kopo, nikasoma: boga, sukari, sharubati, chumvi, viungo. Lile lilikuwa boga la kujazia pai, limeshatengenezwa tayari kwa kitindamlo. Kikombe chake kimoja kina kalori zaidi ya 250, na sehemu kubwa inatokana na sukari iliyoongezwa. Boga tupu la kopo, kikombe cha gramu 245, lina kalori 83 hivi.

Tangu siku hiyo sisomi tena maandishi makubwa ya mbele. Nageuza kopo na kutafuta orodha ya viambato. Boga tupu lina kiambato kimoja: boga. Likiwa na cha pili, nasoma hicho cha pili kwa makini, hasa kikiwa chumvi, kwa sababu boga lisilotiwa chumvi karibu halina sodiamu, na lililotiwa linaweza kuwa na miligramu mia kadhaa kwa kikombe. Mtu mwenye shinikizo la damu hana budi kulijua hilo.

Nilipopata kopo lenyewe nilikaa na lebo kama mtu anayesoma barua. Kwenye kikombe kimoja kuna wanga gramu 20 hivi, na kati ya hizo 7 ni nyuzinyuzi. Kikombe cha wali mweupe kina wanga gramu 45 na nyuzinyuzi chini ya gramu moja. Kwa mtu aliyeambiwa kliniki kile alichoambiwa mama, tofauti hiyo ni kubwa. Na vitamini A imejaa humo: nusu kikombe kinatosheleza mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima. Mwili huitengeneza wenyewe kutokana na beta-karotini, ile inayolipa boga rangi yake, na huchukua kiasi unachohitaji. Ndiyo maana mtu anayekula boga kwa wingi hapati madhara ya vitamini A kama anayezidisha vidonge. Ngozi ya viganja inaweza kuonekana ya manjano kidogo akizidisha kwa wiki nyingi, na hurudi kawaida akipunguza.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kujiona mjuzi, na ndipo nikafanya kosa kubwa zaidi. Nilioka keki.

Nilifikiri hivi: boga ni zuri, mama anapenda keki, basi keki ya boga itamfaa. Nikapima vikombe viwili vya unga mweupe, kikombe na nusu cha sukari, kopo zima la boga, na mafuta nikayaacha kabisa kwa kuwa nilisikia boga linaweza kushika nafasi yake. Keki ilitoka nzito, inavutika kama mpira, na katikati ina unyevu usioisha hata nilipoirudisha ovenini. Mama alikula kipande kimoja, akaniambia, “Ahsante mwanangu, umejitahidi.” Nilielewa.

Nilikuja kujua sababu baadaye. Boga la kopo ni maji karibu asilimia 90, na halina mafuta ya kutajika. Kwenye keki mafuta hufunika protini ya ngano isishikamane sana. Hiyo ndiyo inayoifanya keki ikatike laini. Ukiyaondoa yote na kuweka kitu chenye maji, protini inajikaza, na kadiri unavyokoroga ndivyo inavyozidi kuvutika. Sasa nabadilisha nusu tu: mapishi yakidai kikombe cha mafuta, naweka nusu kikombe cha mafuta na nusu kikombe cha boga, nakoroga mpaka unga mkavu upotee, basi. Badala ya yai moja, robo kikombe cha boga kinashikanisha vizuri, ingawa keki haiumuki sana kama ya yai.

Lakini hilo lilikuwa kosa la ufundi. Kosa lenyewe lilikuwa la kimawazo, na nililigundua nikiwa nimeshika kikombe cha sukari nikijiandaa kujaribu tena. Kila pishi la boga lililonijia kichwani lilikuwa tamu: keki, pai, biskuti, maandazi yenye mdalasini. Nilikuwa nimechukua mboga na kuihesabu miongoni mwa peremende, halafu nikatarajia impunguzie mama sukari. Nikarudisha kikombe kabatini. Nikajiuliza ningelipikaje kama lingekuwa mchicha au nyanya, na jibu lilikuja bila kulitafuta: kitunguu, kitunguu saumu, mafuta kidogo, moto.

Jambo moja liliniudhi tangu mwanzo, nalo ni ladha ya kopo. Boga la kopo likitoka linanukia bati na mvuke, kama chakula kilichofungiwa muda mrefu, na ndivyo ilivyo, kwa sababu linapikiwa humohumo ndani. Ukilitia kwenye supu moja kwa moja, harufu ile inakufuata mpaka mezani. Dawa yake ni kulikaanga kavu kwanza, na hapa nataka nieleze polepole, kwa kuwa ndipo pishi lote linapogeukia.

Weka kikaango kipana kwenye moto wa wastani, bila mafuta. Mimina boga lote, litandaze kwa mwiko mpaka lifunike kikaango chote. Dakika mbili za kwanza hakuna kinachoonekana isipokuwa mvuke. Kisha linaanza kutoa mapovu mazito yanayopasuka na kurusha matone ya moto. Mara ya kwanza niliungua kifundo cha mkono, na tangu hapo natumia mwiko wa mpini mrefu na kufunika nusu ya kikaango. Koroga, tandaza, acha kidogo, koroga tena. Dakika ya tano au ya sita linakuwa zito, ukipitisha mwiko linaacha njia na njia hiyo haijifungi. Chini panabaki utando mwembamba wa kahawia. Ukwangue uuchanganye, hapo ndipo utamu ulipo. Rangi inatoka kwenye machungwa hafifu inaelekea kwenye kahawia yenye wekundu. Halafu harufu inageuka. Inageuka ghafla: bati linapotea, unanusa kitu kama viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu. Kwangu hufika kati ya dakika ya nane na ya kumi, lakini usitazame saa, tumia pua.

Boga lililopitia hapo lina utamu wake wenyewe, na ulimi hauulizi sukari.

Supu ninayompikia mama inaanzia hapo. Likishakuwa tayari nalisogeza pembeni, naweka kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo, punje tatu za kitunguu saumu, na tangawizi kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mafuta yale si ya kuogopwa. Beta-karotini huyeyuka kwenye mafuta, na mlo usio na mafuta hata kidogo unaipitisha tumboni bila mwili kuichukua vizuri. Nakaanga vilainike, naongeza jira kijiko kidogo na pilipili manga, kisha nusu kikombe cha dengu nyekundu zilizooshwa na vikombe vitatu na nusu vya maji. Dakika 20 kwenye moto mdogo, dengu zinapasuka zenyewe na kupotelea ndani. Hizo dengu niliziongeza baada ya kuona mama anashiba supu saa sita na saa nane ana njaa. Boga peke yake lina protini kidogo sana. Bila kitu cha kulisindikiza ni mboga nzuri inayomwacha mtu na njaa.

Chumvi nayo ilinipa somo. Nilikuwa nimeondoa sukari nikajisifu, huku kila sufuria natia vidonge viwili vya supu. Siku moja nikasoma pakiti ya vidonge vile kama ninavyosoma makopo, nikaona nilikuwa namtoa mama kwenye shimo moja namtia kwenye jingine. Nikaviacha. Siku mbili tatu supu ilionekana imepooza. Kisha nikajaribu maji ya nusu limau mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, na ladha ikaamka. Uchachu hufanya kazi kubwa kwenye boga kuliko kwenye mboga nyingi, kwa sababu boga lina utamu na uzito bila ukali wowote wa kuvisawazisha. Sasa natia chumvi nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima, limau, na kijiko cha mtindi usio na sukari juu ya bakuli. Wenye meno wananyunyiza mbegu za maboga zilizokaangwa.

Asubuhi ni uji wa oti. Nusu kikombe cha oti, kikombe na robo cha maji, robo kikombe cha boga na mdalasini, vyote pamoja tangu mwanzo ili boga liive na uji. Ukilitia mwishoni linabaki na ile harufu yake ya bati. Natia karanga zilizosagwa, na nusu ya ndizi iliyoiva sana ikikatwakatwa humo inatosha kwa utamu. Wiki ya kwanza mama aliomba sukari. Nilimpa kijiko kimoja cha chai, wiki ya pili nusu, wiki ya tatu hakuomba. Sikumlazimisha; mtu mzima ukimnyang’anya chakula chake anakula kwa siri, na hapo umempoteza.

Njia nyingine nazitaja kwa ufupi kwa sababu hazina siri. Vijiko vitatu vya boga kwenye sufuria ya maharagwe vinafanya mchuzi mzito bila unga wala krimu. Tambi zinapendeza na boga lililokaangwa na kitunguu saumu, likalegezwa kwa maji yaliyochemshia tambi. Kababu za maharagwe zinashikana kwa boga badala ya yai, mradi liwe limekaushwa kwanza kwenye kikaango, la sivyo zinasambaratika. Boga na maziwa kwenye blenda na kipande cha tangawizi nilijaribu, watoto walipenda, mimi sikuona sababu ya kunywa kitu kinacholika.

Nilijaribu pia kuachana na kopo na kuponda maboga mabichi mwenyewe, nikitumaini kupata kitu bora. Nililoponda lilikuwa la majimaji na lenye nyuzi ndefu. Nikadhani nimekosea kupika, kumbe ni aina ya boga. Boga nyingi za makopo zinatoka jimbo la Illinois, Marekani, na aina inayotumika sana huko inaitwa Dickinson: ngozi yake ni ya rangi ya ngano, nyama yake nzito na kavu, na ni ndugu wa karibu zaidi wa yale maboga yenye umbo la chupa kuliko yale ya mviringo ya machungwa yanayochorwa kwenye lebo. Ukipata bichi la namna hiyo lichome ovenini badala ya kulichemsha, na likiwa na maji lichuje kwa kitambaa safi. Linakuwa zuri sana. Ila siku za kazi nafungua kopo, na sioni aibu, kwa kuwa beta-karotini inavumilia joto na kupikwa kunavunja kuta za mmea, mwili ukaipata kwa urahisi.

Wazo lililofuata lilikuwa la hatari, namshukuru aliyenizuia. Nilitaka kuponda maboga mengi na kuyafungia kwenye mitungi ya kioo nyumbani. Dada yangu, ambaye amesomea masuala ya usalama wa chakula, aliniambia nisithubutu. Boga lina asidi kidogo, na likiwa rojo zito joto halipenyi sawasawa hadi katikati ya mtungi, hata kwa sufuria ya presha. Vijidudu vya botulizimu vinavyobaki hai humo vinazaliana pasipo na hewa na kutoa sumu inayoweza kuua, na mara nyingi hutajua kwa kunusa wala kwa kutazama. Viwandani wana mitambo na vipimo ambavyo jikoni kwangu havipo. Rojo la boga la nyumbani linagandishwa kwenye friza, basi. Na kopo la dukani likiwa limevimba, linavuja, au limebonyea kwenye mshono, nalitupa bila kulifungua wala kuonja.

Kopo la kawaida lina gramu 425, na sisi hatulimalizi kwa mlo mmoja. Mwanzoni nilikuwa nafunika kopo kwa sahani na kuliweka kwenye friji. Siku ya sita nilikuta ukungu wa kijani ukingoni, na boga lote likiwa na ladha ya chuma. Sasa kinachobaki nakihamishia kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko na kukitumia ndani ya siku tatu au nne. Kikizidi, nakijaza kwenye trei ya barafu, kijiko kimoja kikubwa kila kitundu, kikigandishwa nahamishia vipande kwenye mfuko na kuandika tarehe. Vipande vinne kwenye uji, vitatu kwenye maharagwe. Trei ile imeniokoa jioni nyingi kuliko kitabu chochote cha mapishi.

Jirani yetu aliposikia alitaka kuanza kula kama mama. Figo zake hazifanyi kazi vizuri. Nilimwomba amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu kikombe cha boga kina potasiamu miligramu 500 hivi, na madini hayo yanayowafaa wengi wenye shinikizo la damu yanaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake haziyatoi. Daktari alimwekea kipimo kidogo. Na mtu ambaye hajazoea nyuzinyuzi aanze na robo kikombe na anywe maji ya kutosha. Mama alianza na bakuli kubwa, tumbo likamjaa gesi siku mbili.

Miezi minne baadaye tulirudi kliniki na majibu yalikuwa yameshuka. Siwezi kusema ni boga lililofanya hivyo. Mama alikuwa akitembea nusu saa kila asubuhi, soda ilikuwa imetoka nyumbani, na sahani ya wali ilikuwa imepungua. Boga lilifanya kitu kingine ninachokithamini: lilimpa mboga anayoweza kuila hadi mwisho wa sahani bila maumivu, wakati ambapo mboga nyingine zote zilikuwa adui.

Jumapili iliyopita nilichelewa kurudi. Nilimkuta jikoni, kitambaa begani, mwiko wa mpini mrefu mkononi, nusu ya kikaango imefunikwa. Kitunguu kilikuwa kimeshakatwa kibao kizima. Nikanyoosha mkono nikitie, akanizuia kwa kiwiko bila kugeuka.

“Subiri,” akasema. “Bado halijanukia.”